Ukurasa wa Nea Limna

“Mnara kwa Korongo. Gari limekuwa matatu.”

“Nimeona.”

“Nasema matatu, Korongo!”

“Na mimi nasema nimeona, bosi. Niache niendeshe.”

Domna Hatzoglou alijilaza juu ya tangi la pikipiki yake, BMW ya rangi ya majivu, akaongeza mafuta. Mshale ukagusa mia na sabini. Handaki la mwisho la barabara ya Egnatia lilimmeza, likamtema upande wa pili kwenye jua la Mei, na bandari ya Igoumenitsa ikaonekana huko chini.

Mbele yake magari matatu meusi yalifuatana. Nusu saa iliyopita lilikuwa moja tu. Liliingia kwenye kituo cha mafuta, likatoka na wenzake wawili waliofanana nalo mpaka vumbi la vioo.

Moja kati ya hayo lilibeba kipande cha ngozi ya mwanakondoo, upana wake haufiki hata sinia ya kahawa.

Ukurasa mmoja wa Injili. Kigiriki cha kale, safu mbili, wino wa kahawia, na juu ya maneno alama nyekundu za kumwonyesha msomaji wapi apandishe sauti na wapi aishushe. Ulikuwa na miaka mia tisa na ushee. Watu wa kijiji cha Nea Limna waliutoa kwao Kapadokia, Uturuki ya leo, mwaka 1924, walipohamishwa kwa nguvu, umeshonewa ndani ya nguo za mtoto mchanga. Nyumba waliziacha. Makaburi waliyaacha. Ukurasa waliondoka nao. Kila mwaka, siku ya sikukuu ya kijiji, hutolewa, husomwa mbele ya watu wote, na hurudishwa mahali pake.

Sikukuu ilikuwa kesho.

Na padri aliyeukabidhi kwa mwizi alikuwa baba yake Domna.

Padri Efthymios, Mwothodoksi aliyeoa kabla ya upadri kama desturi yao, Baba Thymios kwa kila mtu, hakuuza kitu. Miezi miwili nyuma alimjia mtu mwenye tai, barua ya mihuri na maneno matamu, akajiita mtaalamu wa ngozi za kale. Jina lake Vrasidas Koemtzis. Alisema ukurasa unaliwa na ukungu, ukatibiwe Athens kwa wiki tatu, bure. Mzee alimkaribisha kahawa na cheri za sukari, akatia sahihi pale alipoonyeshwa kidole. Wiki tatu zikapita. Kijiji kilipoanza kuuliza, Koemtzis aliwatumia nakala ya karatasi ile ile.

Ilikuwa hati ya mauzo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyebusu mkono wa padri. Jumapili walisimama mpaka mwisho wa ibada, kisha wakatoka bila kupokea mkate wa baraka kutoka kwake. Bi Evlambia, mwenye miaka themanini na sita, ambaye kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa yule mtoto mchanga, alitema mate kwenye kizingiti cha nyumba ya padri mchana kweupe.

“Usipopatikana kufikia sikukuu, mwanangu, nitavua joho,” mzee alimwambia Domna kwa simu. “Siwezi kusimama tena mbele yao.”

Domna alimjua baba yake. Hakuwa mtu wa kutishia watu. Alikaza mikono kwenye usukani wa pikipiki.

“Saa ngapi?” aliuliza.

“Saa saba na dakika tisa,” sauti ya Asimakis, mkuu wake katika idara ya usalama, ilikwaruza sikioni. “Meli inang’oa nanga saa nane kamili, kwenda Italia. Mnunuzi anasubiri upande wa pili. Sikiliza vizuri. Yule fundi saa aliyewatengenezea mikoba, tuliyemkamata jana, amefunguka. Mikoba ni mitatu, Samsonite nyeusi. Kila mmoja una chupa ya tindikali kwenye kifuniko. Koemtzis anakaa mbali na kitufe mkononi. Mbeba mzigo mmoja akikamatwa, anabonyeza, na chupa zote zinapasuka.”

“Kama Patra.”

“Kama Patra.”

Mwaka uliopita, Patra, walivunja mkoba na kukuta uji mweusi unaotoa moshi. Ulikuwa kitabu cha Zaburi cha karne ya kumi na moja. Asimakis hajakula vizuri tangu siku hiyo.

“Kizima-mawimbi unacho?”

Domna alipapasa mfuko wa kifua. Kifaa chenyewe, cha kuzuia mawimbi ya kitufe, kilikuwa kidogo kama pakiti ya sigara. “Ninacho. Kinafika wapi?”

“Hatua tatu. Sekunde tisini, betri kwisha.”

“Bosi, mmenipa mwanasesere.”

“Bajeti, mama. Kwa hiyo uchague mkoba mmoja. Ukikosea, ndiyo basi.”

Saa saba na dakika ishirini na sita.

Ukumbi wa abiria ulikuwa umejaa pomoni. Madereva wa malori waliovua viatu. Familia zilizotandaza mikate ya ufuta juu ya masanduku. Mtu wa usafi alikuwa amemaliza kupiga deki na sakafu yote ilimeremeta kwa maji. Domna aliingia na kofia ya pikipiki kwapani, bastola ya Glock chini ya koti, uso wa mtu aliyechoka na safari.

Kwanza alimtafuta Koemtzis. Alikuwa ghorofani, kwenye baraza la mkahawa, tai ya bluu, kahawa ya barafu mezani. Mkono wa kulia mfukoni.

Kisha mikoba.

“Wa kwanza,” alinong’ona. “Kipara, vipokea sauti masikioni, kiti karibu na mlango. Mkoba sakafuni, ameuwekea kisigino.”

“Endelea.”

“Wa pili. Mnene, dirishani. Mkoba miguuni. Anakula mkate wa jibini na makombo yote yanaangukia juu yake.”

“Wa tatu?”

Wa tatu alikuwa kijana mwembamba, viatu vyeupe vya michezo, cheni ya dhahabu. Alikaa katikati ya ukumbi. Mkoba wake pia ulikuwa sakafuni.

“Sakafuni vilevile,” Domna alisema. “Wote watatu.”

“Wamefundishwa hao. Anayekumbatia mzigo anajifichua mwenyewe, kwa hiyo wameambiwa wautupe kama nguo chafu. Korongo, hatuna kitu cha kushika. Bahatisha.”

“Sibahatishi na mali ya baba yangu.”

“Dakika thelathini!”

“Najua kusoma saa, bosi.”

Alinunua kahawa ambayo hakuinywa. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Spika ya ukumbi iliita abiria wenye magari washuke gatini. Watu wakaanza kusogea, masanduku yakaanza kuburuzwa, na yule kipara akavuta mkoba wake kwa mguu kama anayesogeza kigoda. Domna alitamani kupiga kelele. Alimwona akilini baba yake jikoni, peke yake, akikunja joho jeusi taratibu na kuliweka juu ya meza.

Akamtazama tena kijana wa viatu vyeupe.

Mkoba ulikuwa sakafuni, kweli. Lakini haukugusa sakafu.

Chini yake palikuwa na koti. Koti la ngozi, jipya, la bei, limekunjwa mara mbili juu ya maji machafu ya deki.

“Bosi. Wa tatu ametandika koti lake chini ya mkoba.”

“Sakafu imelowa. Hataki mkoba ulowe.”

“Hao wengine kwao hakujalowa?”

“Hiyo haitoshi, Korongo.”

“Naenda kuitosheleza.”

Alianza na kipara. Alipita karibu, akaupiga mkoba teke la nguvu.

“Oh, samahani.”

Kipara hakuinua hata macho.

Akaenda dirishani. Aliuruka mkoba wa yule mnene, soli ya buti lake ikagusa kifuniko na kuacha tope.

“Pole, kaka. Nimekuchafulia.”

“Chafua tu, mrembo,” mnene alisema, mdomo umejaa. “Kwani mimi ndiye ninayeufua?”

Kutoka ghorofani Koemtzis alikuwa akitazama saa yake. Domna alielekea katikati ya ukumbi, akipepesuka kidogo, kofia kwapani, kahawa mkono mmoja. Kidole gumba cha mkono wa pili kilikuwa juu ya kizima-mawimbi ndani ya mfuko. Alifika kwa yule kijana na kuinua mguu kuuruka mkoba.

Mkono ukamdaka goti.

“Usiruke!”

Sauti ilimtoka kijana kabla hajaifikiria. Aliuachia mguu wake upesi, akateremsha sauti. “Zunguka, dada. Zunguka huku. Tafadhali.”

Domna alimtazama usoni. Jambazi wa miaka ishirini na tano hivi, kovu juu ya nyusi, na macho ya mtoto aliyeshikwa akicheza madhabahuni. Koemtzis alimwambia autupe chini, naye alijitahidi, lakini mkono wake ulikataa. Kuna bibi mahali fulani aliyemchapa kofi mtoto huyu siku alipoweka Injili mahali panapopita miguu. Domna alilijua kofi hilo. Lake lilimkuta akiwa na miaka mitano, kutoka kwa mtu mpole kuliko wote duniani.

Akabonyeza kizima-mawimbi.

Tisini.

“Unaitwa nani?” aliuliza, akipiga goti mbele yake.

“We nani?”

“Idara ya usalama. Mikono juu ya magoti. Jina?”

“Argyris.” Kisha akashituka na kumshika kifundo cha mkono, kwa nguvu. Kisu kikatoka kwenye mkono wake wa pili, kifupi, chini ya usawa wa viti. “Simama, dada. Simama uende zako, sitaki kukuumiza.”

Themanini.

Ghorofani Koemtzis alisimama. Kiti chake kikaanguka. Mkono ukatoka mfukoni.

“Argyris, mkoba huo una tindikali ndani.”

“Una nini?”

“Tindikali. Kwenye kifuniko. Kitufe anacho bosi wako pale juu.”

“Muongo wewe! Mimi nimeuweka mwenyewe kwenye kitambaa cha hariri, nimefunga mwenyewe—”

Koemtzis akabonyeza.

Puff.

Mkoba wa kipara ulitoa moshi wa kijani. Mkoba wa dirishani ukafuata, na yule mnene aliruka kutoka kitini huku suruali ikitoboka paja zima, akaita mama yake kwa sauti ya kusikika ng’ambo, kisiwani Korfu. Watu walipiga mayowe. Masanduku yakapinduka. Ukumbi mzima ukaanza kukimbilia milangoni.

Mkoba juu ya koti la ngozi ulikaa kimya.

“Nimezima mawimbi,” Domna alisema haraka. “Nina sekunde hamsini na tano. Zikiisha, na akibonyeza tena, utabeba uji.”

Argyris aliutazama moshi. Akamtazama Koemtzis, aliyekuwa akibonyeza, na kubonyeza, na kubonyeza. Uso wa kijana ulibadilika rangi.

“Aliniambia unakwenda jumba la makumbusho,” alisema. “Aliniambia huko watautunza.”

“Arobaini na tano.”

“Aliniapia, dada!”

“Arobaini! Fungua, au niache nikate!”

“Usikate! Utaupasua, umelala ubavuni!” Alitupa kisu chini. Akazungusha namba za kufuli. Akakosea. Akamtukana mtakatifu mmoja, akamwomba radhi mtakatifu huyo, akaanza upya.

Ishirini na tano.

Kufuli likafunguka. Ndani ya kifuniko chupa nyembamba ilimetameta, nyaya mbili zimeizunguka. Chini yake, hariri nyeupe.

“Polepole,” Domna alisema, ingawa kila kitu ndani yake kilisema haraka.

Kumi na mbili.

Argyris aliingiza mikono yote miwili chini ya hariri, akaivuta kama mtu anayemtoa mtoto kitandani bila kumwamsha. Kona ya kitambaa ilinasa kwenye waya. Akaiondoa kwa jino.

Nne.

Taa nyekundu ya kizima-mawimbi ikazimika kabla ya wakati wake. Wanasesere hawana adabu.

Ghorofani, kidole kikashuka.

Chupa ilipasuka. Argyris aligeuza mgongo wa mkono wake wa kushoto, akaupeleka kati ya kifuniko na hariri. Alitoa sauti moja tu, fupi. Domna alimvuta kwa ukosi, wakaanguka wote wawili nyuma ya viti, na ule mkoba ukabaki unachemka peke yake juu ya koti la bei.

Alifunua hariri. Safu mbili. Alama nyekundu. Kona ya chini iliyopiga weusi kwa vidole gumba vya mapadri tisini. Mzima.

Domna alilia, sekunde mbili hivi, bila aibu. Kisha akamwaga chupa nzima ya maji juu ya mkono wa Argyris, na nyingine, akamfunga pingu kwenye mguu wa benchi na kukabidhi ngozi ile kwa askari wa bandari aliyekuja mbio.

“Ishike hivi. Juu. Ukiiweka chini nitakufuata mpaka nyumbani kwenu.”

“Dada,” Argyris aliita, meno yamekazwa kwa maumivu. “Umejuaje?”

“Uliniambia tafadhali.”

Akachomoa Glock, akatimua mbio.

Koemtzis alikuwa ameshashuka ngazi za dharura na kufika gatini. Saa nane kasoro dakika moja. Mlango wa nyuma wa meli, ule wa kupitishia malori, ulikuwa umeanza kuinuka. Alikimbia tai ikipepea begani, bastola mkononi, mabaharia wakimpisha.

Risasi moja ilipiga nguzo karibu na sikio la Domna. Ya pili ikapasua taa ya lori.

“We mwehu!” dereva alifoka kutoka ndani. “Hilo lori la mkopo!”

Koemtzis akaruka.

Karibu afike. Viwiko vilidaka ukingo wa mlango, miguu ikabaki inapiga hewa, bastola ikazama majini. Baharia wa juu aliona, akasimamisha mashine. Mtu alikuwa ananing’inia mita sita juu ya maji yenye mafuta.

Domna alifika ukingoni akitembea. Alirudisha Glock mahali pake, akatoa simu, akawasha kurekodi.

“Bwana Koemtzis. Habari za mchana?”

“Nivute! Waambie washushe!”

“Padri wa Nea Limna. Alijua anauza?”

“Sijui unasema nini! Nivute!”

“Mikono inachoka hiyo. Mimi sina haraka, leo nimemaliza kazi.”

“Hakujua!” Koemtzis alilia. “Hati niliiweka chini ya karatasi nyingine! Alidhani ni risiti ya matengenezo! Mzee hakupokea hata senti! Basi! Umeridhika?”

“Sana.”

Akazima kurekodi. Wakati huo huo viwiko vikateleza, na mtaalamu wa ngozi za kale akashuka majini na tai yake. Boti ya polisi ilimvua kwa ndoano ya kuvulia takataka.

“Mnara kwa Korongo! Mnara kwa Korongo! Kielelezo cha kesi kiko salama?”

“Salama.”

“Kilete Athens. Kesho asubuhi, maabara, mezani kwangu. Hiyo ni amri.”

“Sikusikii, bosi. Handaki.”

“Uko bandarini! Handaki gani la bandarini?”

“Refu,” Domna alisema, akatoa kifaa sikioni.

Maelezo na sahihi zilimshika Igoumenitsa mpaka alfajiri. Ile sauti ya Koemtzis ilikuwa imemtangulia. Domna alimtumia mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti akamtumia mkewe, na baada ya hapo haikuhitaji msaada wa mtu. Ilipofika asubuhi ya Jumapili, hakukuwa na simu Nea Limna ambayo haikuwa imepiga kelele ya “Hakujua!”

Kwa sababu hiyo Domna alipoingia kanisani, kifurushi cha hariri kifuani, vumbi la kilomita mia mbili na ishirini usoni, alikuta watu wamejaa na hakuna anayemtazama mwenzake. Walisimama wamebana mikono, macho sakafuni. Bi Evlambia alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, shungi jeusi limeshushwa mpaka kwenye nyusi.

Domna alipita katikati, akampa baba yake.

Baba Thymios alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda kuliko alivyosikika kwenye simu. Alifunua hariri, akainama, akaubusu ukurasa, na mabega yake yakatikisika kidogo.

Nea Limna wana desturi yao. Siku ya sikukuu ukurasa hauwekwi juu ya meza. Mtu mmoja huushika mbele ya padri wakati anasoma, na padri ndiye anayemchagua. Ni heshima ambayo watu huitaja kwenye mazishi yako. Wengine huisubiri maisha yao yote na kufa bila kuitwa.

Mzee alisimama kwenye mlango wa madhabahu, akapitisha macho juu ya vichwa vilivyoinama. Ilichukua muda. Mtu alikohoa. Mishumaa ilitatarika.

“Evlambia,” alisema. “Njoo unishikie.”

Bi kizee hakusogea. Alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili, mkono umeziba mdomo ule uliotema mate.

“Njoo, dada yangu. Nimezeeka, sioni kwa mbali.”

Watu walifungua njia. Alipita akijishika kwenye viti, mdogo kuliko siku zote, na alipofika mbele aliangukia mkono wa padri akaubusu, akaubusu tena, akilia kwa sauti bila kujizuia. Baba Thymios alimsubiri amalize. Kisha akamwekea ukurasa mikononi, akamnyanyulia viwiko viwe sawasawa, akaanza kusoma ile habari ya binti wa miaka kumi na miwili aliyefariki, Yesu akamwambia ainuke.

Aliisoma kwa sauti ya zamani, ikipanda na kushuka pale wino mwekundu ulipomwelekeza. Hakuna aliyebaki na macho makavu, Domna naye miongoni mwao.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alitoka nje taratibu, akaiweka sikioni.

“Saa tatu na nusu!” Asimakis alifoka. “Maabara wanasubiri, waziri anapiga simu, mimi nimekaa hapa na meza tupu! Kielelezo kiko wapi?”

Domna alipanda pikipiki yake, kofia mapajani.

“Kinasomwa,” alisema, akakata simu.